Mtoto hashiki masomo: wazazi wanaogopa nini?

Mimi nilisomea ualimu, njo maana wazazi wa hapa Butembo na wa Beni wananiuliza kila mara: mtoto wangu hashiki kitu ku masomo, nimpeleke wapi? Nyuma ya swali hilo ninasikia hofu tatu.

Ya kwanza ni jina. Mama akikubali kwamba mtoto ana shida ya kujifunza, mtaa utamwita mjinga, wengine watasema ni uchawi. Kumbe sababu zinajulikana: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ku kichwa, ao ubongo wenye kushika mambo kwa namna yake. Kuna mtoto anayehesabu franga za soko bila kukosea, lakini herufi zinamchanganya. Huyo si mvivu.

Ya pili ni feza na njia. Masomo ya msingi ya serikali ni ya bure tangu Septemba 2019. Lakini masomo ya pekee ni machache, na moto ya kila siku inalipwa. Tena tangu mauaji ya 2014 kule Beni, nani atamtuma mtoto kama huyo mbali peke yake?

Ya tatu ni kutengwa. Hapa mujue sheria: Congo ilikubali mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya watu wenye ulemavu katika 2015, na sheria 22/003 ya 3 Mei 2022 inalinda haki zao. Mlango wa darasa la kawaida haufungwe juu ya ulemavu.

Mbele ya kuamua, mpimishe masikio na macho. Uliza pia: ni akili ao ni luga? Nyumbani Kinande, ku masomo Kifaransa. Alipoteza miezi ngapi mu kukimbia vita, ao wakati wa Ebola na korona? Aliyepoteza darasa anahitaji kurudishiwa darasa, si kupewa jina.

Kama shida inabaki, mwalimu amkalishe mbele, amuulize kwa mdomo, amwongezee wakati. Darasa likijaa, hiyo ni ngumu, na sheria peke yake haifundishe mtu. Kwa hiyo mzazi, andika mu kayee vitu mtoto anaweza na vitu vinamshinda, umpelekee direkta. Na sisi tuliosoma, tumsindikize siku hiyo. Mzazi akiingia peke yake mu biro, anajibiwa haraka sana.