Upepo hafifu ndani ya motokari

Ndugu mfanyakazi, toka Mei hadi Septemba mvua ni adimu hapa Kapata, na vumbi linaingia kila mahali. Upepo wa klimatizeri ukipungua, usikimbilie kufungua dirisha. Vumbi laini la mawe yetu lina silika. Linafika ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosi, ugonjwa ambao hatuna dawa ya kuuponya.

Sikiliza kwanza. Feni inanguruma lakini upepo ni kidogo? Mara nyingi filtri imejaa vumbi. Katika motokari nyingi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Feni ni kimya kabisa? Angalia fuzi. Upepo ukianza vizuri kisha ukafifia njiani, huenda ndani kumeganda barafu: zima ubaridi, acha feni peke yake dakika kadhaa.

Kuna mashofere wanaotupa filtri, eti upepo upite. Unapita kweli, pamoja na vumbi lote! Wengine wanaipuliza kwa kompresa, uso karibu. Filtri ya karatasi hubadilishwa, haipulizwi. Ukiitoa, vaa maski, ifunge katika mfuko, kisha panguza mahali pake kwa kitambaa chenye maji.