Je, Wajua? Kwa Nini Vani ya Dizeli Hugoma Ikipata Joto

Injini ya dizeli haihitaji cheche: mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Lakini katika vani nyingi za kisasa, kompyuta ya injini hairuhusu nozeli kunyunyiza mafuta mpaka sensa ya krankshafti iiarifu kwamba injini inazunguka. Sensa ikichakaa, joto linaweza kukata mawasiliano ndani yake: asubuhi gari linawaka, mchana linagoma, likipoa linawaka tena. Piga stata huku ukitazama mshale wa mizunguko. Mshale ukibaki kwenye sifuri, ishuku sensa hiyo. Kabla ya kununua mpya, pima betri, kaza waya wa ethi na usafishe soketi, kwani kutu huweza kuleta dalili zilezile.