Samaki hakuwa na hatia: zebaki ndani ya sabuni

Hebu tuanze na nywele. Kati ya mwaka 1996 na 1998 wataalamu wa Japani walipima nywele za watu wa huku ziwani wakitafuta zebaki, ile madini majimaji iliyokuwa kwenye vipimajoto vya zamani. Mmoja wao alikuwa Daktari Masazumi Harada, aliyehudumia kwa miaka mingi wagonjwa wa Minamata, mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia kwa samaki ikaua watu. Hofu ilikuwa ni mbuta wetu, maana wachimba dhahabu hutumia zebaki na mito huishia ziwani.

Kumbe shida haikuwa samaki. Watu wachache karibu na Kisumu walikutwa na zebaki nyingi ajabu, na walipoulizwa, walikuwa wanatumia sabuni ya kung'arisha ngozi! Sabuni hizo zilikuwa na chumvi ya zebaki asilimia 0.47 hadi 1.7. Waliozitumia walitetemeka mikono, wakachoka ovyo, wakaona kizunguzungu, na ngozi ikatoka madoadoa.

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake nyeusi, ndiyo maana mtu "anang'aa". Lakini haibaki juu juu tu. Inapenya hadi kwenye damu, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mja mzito inamfikia mtoto tumboni.

Kinachouma ni hiki: nyingi zilitengenezwa Ulaya, na Ulaya yenyewe ilikataza zebaki katika vipodozi tangu 1976. Kuziuza nje kulikatazwa 2003 tu. Sisi tulikuwa hatuna ngozi? Kenya ilizipiga marufuku 1998, na Mkataba wa Minamata uliweka mwisho wa 2020 kwa sabuni na krimu zenye zaidi ya miligramu 1 kwa kilo. Hata hivyo bado hupenya sokoni kwa njia za panya.

Kwa hiyo mama, soma karatasi ya sabuni. Ukiona neno mercury, mercuric au calomel, iache dukani. Isiyoandikwa viungo wala mtengenezaji, iache pia. Kama umeshaitumia, acha leo, mwambie daktari akupime mkojo. Kipande kilichobaki usikichome, maana moshi wake ni sumu, wala usikitupe mtaroni kikaishia ziwani. Kifunge kwenye plastiki, umpelekee afisa wa afya.