Hukumu Kabla ya Kusikizwa

Sayyidna Ali alipotumwa na Mtume (S.A.W.) kwenda kuwa kadhi Yemen, aliusiwa kwamba watakapoketi mahasimu wawili mbele yake, asikate shauri mpaka amsikize wa pili kama alivyomsikiza wa kwanza. Wasia huo nimeukumbuka kwa jambo la zama zetu: kufungwa kwa majina ya tovuti.

Jina la tovuti, msomaji mpenzi, ni kama mlango wa duka. Likizimwa, bidhaa zimo ndani lakini mteja hana pa kuingilia.

Novemba 2010, serikali ya Marekani ililitwaa jina la Dajaz1, tovuti ya muziki, kwa tuhuma za kueneza nyimbo bila idhini. Mwenyewe akasema baadhi ya nyimbo aliletewa na watu wa kampuni za muziki hizo hizo. Nani alimsikiza? Muda wa kulizuia jina uliongezwa mahakamani kwa siri, wakili wake asipate nafasi ya kujibu. Disemba 2011 alirudishiwa jina lake bila kushtakiwa. Mwaka mzima ulikwisha kupita.

Februari 2011 yalizidi. Katika kusaka picha chafu za watoto, lilifungwa jina la mooo.com, ambalo chini yake zilikuwako tovuti kama 84,000 za watu mbalimbali. Zote zikatundikwa tangazo la uchafu huo. Baada ya siku chache zilifunguliwa, lakini aibu hairudi na ufunguo.

Barazani kijana mmoja aliniuliza: "Ami, mwizi naye abembelezwe?"

La hasha. Penye dharura mlango na ufungwe leo, lakini mwenyewe aitwe kesho. Na njia ya uadilifu ipo. Tangu 1999, wanaogombania jina kwa sababu ya nembo ya biashara wana utaratibu wao: mwenye jina hupewa siku 20 za kujibu, na wakati huo tovuti yake haizimwi. Ikiwa mfanyabiashara aweza kungoja, serikali yashindwaje?

Wala tusidhani ni mambo ya ng'ambo. Daftari la majina yote yanayoishia na .com liko Marekani, na kijana wa Mombasa auzaye kofia kwa jina kama hilo yumo humo. Siku atakapotuhumiwa, haombi upendeleo. Aombacho ni kile alichousiwa kadhi wa Yemen.