Viambishi na Ufumbuzi wa Fumbo la Maneno

Fumbo la maneno la kujaza vijumba halina asili ya Kiswahili. La kwanza lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba, 1913. Lilipoingia katika Kiswahili lilikuta lugha ambayo viambishi vyake hufichua mengi kabla ya neno lenyewe kutajwa.

Mathalan, kidokezo chasema: "Kikiwa butu hakifai" (herufi 4). Kiambishi ki- chaelekeza kwenye ngeli ya KI-VI. Basi K na I zaweza kuandikwa, kwa penseli na si kwa wino, maana chuma na chungu pia ni vya ngeli hiyo. Kijumba cha mwisho aghalabu ni cha irabu. Kimebaki kimoja tu, nalo jibu ni KISU. Lakini "Anaishi mtoni" (6) humpoteza mwanafunzi anayetafuta neno lenye M- mwanzoni, kwani viumbe hai hupatanishwa kwa a- hata majina yao yakianza kwa ki-: KIBOKO.

Mtungaji hodari hukwepa upatanisho kwa kutumia hu-, kiambishi kisichobagua ngeli. "Hukuna nazi" (5) haisemi kama kitajwacho ni mtu, mnyama au chombo. Jibu ni MBUZI. "Hutembea pwani, huwaka jikoni" (3) ni KAA. Hapa fumbo limeshakuwa jirani wa kitendawili, na mzee asiyepata kuona vijumba maishani mwake huenda akamshinda msomi.

Taabu kubwa zaidi imo katika tahajia. Alama ya ving'ong'o haina kijumba chake. Kwa hiyo ng'oa, yaani kutoa chenye mizizi, na ngoa, yaani wivu, hujaza vijumba vilevile vinne. Sikio hutofautisha, jedwali halitofautishi. Na mtungaji anayeitumia hila hiyo anacheza na mwandiko tu, si na lugha. Kadhalika maalum ni herufi sita na maalumu ni saba. Mfumbuzi aliyekwisha kuweka irabu katika kijumba cha sita hukwama, na maneno yote yanayolikata hilo huharibika pamoja nalo, ilhali hakukosea. Dawa yake ni nyepesi: mtungaji ataje, juu ya jedwali, kamusi aliyoifuata.