Presha ya matuta na protini inayotengenezwa kwa jasho

JUNI 30, 2006, Uwanja wa Olimpiki, Berlin. Ujerumani na Argentina zimemaliza dakika 120 zikiwa 1-1 na robo fainali ya Kombe la Dunia inaamuliwa kwa matuta. Kipa Jens Lehmann anachomoa kikaratasi kwenye soksi, anakisoma, anapangua penalti mbili. Wenyeji wanapita kwa 4-2.

Nchi nzima ililipuka kwa shangwe. Lakini huko Munich, kuna mashabiki ambao michuano ile iliwapeleka hospitali.

Madaktari wa mji huo walihesabu watu waliopata matatizo ya ghafla ya moyo wakati wa Kombe la Dunia, na majibu waliyoyatoa mwaka 2008 yanatisha. Siku Ujerumani ilipocheza, idadi ilipanda zaidi ya mara mbili na nusu ukilinganisha na siku za kawaida. Kwa wanaume ilizidi mara tatu. Karibu nusu ya wagonjwa wa siku hizo tayari walijulikana kuwa na ugonjwa wa moyo.

Hao hawakugusa mpira. Walikuwa wanatazama tu.

MCHEZAJI ASIYETAJWA
Nje kidogo ya Munich hiyohiyo, eneo la Martinsried, ndiko Yves-Alain Barde na Hans Thoenen walikoitenga protini moja kutoka kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982. Wanasayansi huiita BDNF. Kazi yake iliyojulikana kwanza ni kuzisaidia seli za fahamu kuishi, kukua na kuungana.

Miaka ilivyosonga, ikagundulika kuwa protini hii haikai namba moja. Ni kiraka, inacheza kila mahali.

Kwenye ubongo, inasaidia kumwambia mtu kuwa ameshiba. Panya waliopunguziwa jeni yake walikula kupita kiasi na kunenepa. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2008 uliwaangalia watoto wenye tatizo adimu la kuzaliwa. Wale ambao nakala moja ya jeni hiyo haikuwepo, wote walikuwa wanene kupindukia kabla ya kufika miaka 10.

Kwenye misuli, watafiti wa Copenhagen walionyesha kuwa msuli unapofanya kazi hutengeneza BDNF yake wenyewe, na hiyo husaidia kuchoma mafuta palepale. Watafiti wa mji huo pia waliikuta ikiwa chini kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili.

Na moyo je? Panya ambao misuli ya moyo wao haikupokea ishara za protini hii, mapigo yao yalikosa nguvu. Kule Framingham, Marekani, ambako afya ya moyo ya wakazi imefuatiliwa tangu mwaka 1948, wenye kiwango kikubwa cha BDNF kwenye damu walipata magonjwa ya moyo kwa uchache zaidi.

Hapo tusishangilie kabla mpira haujavuka mstari. Bado haijathibitishwa kuwa ni protini yenyewe inayomlinda mtu. Huenda ni dalili tu ya mwili unaotunzwa vizuri.

HAINUNULIWI DUKANI
Kinachojulikana ni kwamba BDNF kwenye damu hupanda mtu anapotoka jasho, halafu hushuka akipumzika. Ni kama pumzi ya mchezaji, mazoezi ya msimu uliopita hayakubebi msimu huu.

Na soka lenyewe linatosha. Profesa Peter Krustrup wa Denmark na wenzake waliwachukua wanaume ambao hawakuwa na mazoezi, wakawachezesha mechi za viwanja vidogo mara mbili hadi tatu kwa wiki. Baada ya wiki 12, presha zao zilishuka na mafuta mwilini yakapungua. Hawakuwa mastaa, walikuwa watu wa kawaida tu.

Kwa hiyo wale maveterani wenye vitambi wanaochekwa kila Jumapili asubuhi kwa kukosa mabao ya wazi, wana akili kuliko anayewacheka akiwa amekaa na chipsi kibanda umiza.

Anayetaka kurudi uwanjani baada ya miaka mingi apime kwanza presha na sukari, kisha aanze taratibu. Na shabiki anayebanwa na kifua katikati ya matuta asisubiri kujua nani kashinda. Akimbizwe hospitali, matokeo atasimuliwa.