Kanyama Kadogo Kenye Depo Yake

Kama mutu angekuambia kama kuko nyama wa gramu 250 tu, mwenye kulinda depo yake kuliko zamu wa mugodi, ungecheka. Lakini iko. Ni kindi mwekundu wa misitu ya Kanada na Marekani. Usimuchanganye na kindi mwekundu wa Ulaya, yule wa manyoya marefu ku masikio. Ni wa jamii ingine.

Twende Yukon, kaskazini ya Kanada, inchi ile watu walikimbilia zahabu tangu 1896. Kule baridi inaweza kushuka mpaka 40 chini ya sifuri, na kindi huyu halali usingizi wa baridi yote sawa nyama wengine. Anapashwa kula. Basi mbele ya baridi anakata matunda magumu ya sapini, anayaangusha chini, anayabeba moja moja mpaka pa depo, chini ya muti. Anayaweka penye ubichi, kusudi yasifunguke na mbegu kupotea. Lakini uyoga anauanika juu ya matawi, namna mama zetu wanaanika uyoga wao. Nani alimufundisha?

Depo moja, mwenyewe mmoja. Hata bwana na bibi hawakai pamoja. Jirani akikaribia, anapiga kelele: trrrr!

Pa nyumba za watu iko mwivi kabisa. Meno yake inakomaa siku zote, hivi anatafuna mbao, anatafuna nyuzi za umeme, anajaza matunda yake juu ya plafoni. Wenyeji wanaziba matundu kwa waya, lakini kwanza wanatazama kama hakuna watoto ndani, maana mama atararua kila kitu kusudi awafikie.

Na hapo ndipo neno lenyewe. Mutoto wa kindi asiyepata depo mbele ya baridi, mara nyingi anakufa. Kwa hiyo mama wengine wanamuachia mutoto depo yao, wao wenyewe wanahama kutafuta ingine. Wewe muzazi, ungetoka mu nyumba yako?

Na mayatima? Watu wa elimu wanafuata kindi hawa kule Yukon tangu 1987. Mu 2010 waliandika kama, kwa miaka karibu 20, waliona mara 5 mama mwenye kunyonyesha akichukua yatima na kumulea pamoja na wake. Mara zote 5 alikuwa wa jamaa yake. Amemujua namna gani, yeye asiyetembelea mutu? Wanafikiri ni kwa ile trrrr. Mama anazoea sauti ya ndugu yake jirani. Ikinyamaza siku kadhaa, anaenda kuona kuko nini.

Hapo niliweka karatasi chini kidogo, nikafikiri watoto wa mu avenue yetu.

Mara 5 tu. Mayatima waliokuwa na majirani wasio wa jamaa, hakuna aliyekuja kuwachukua.